Neno Lisilo na Mama

Kuna nchi moja, jina lake silitaji kwa sababu sijaangalia kama bado limeruhusiwa, ambayo watu wake wana raha ya kupindukia. Kule hakuna njaa. Hakuna rushwa, hakuna mgomo, hakuna wafungwa. Sisemi hivyo kwa kuwapaka mafuta. Nasema kwa sababu maneno hayo hayamo kwenye droo za Idara ya Maneno Halali, na kitu ambacho hakimo kwenye droo za Idara hakitafutwi, hakiulizwi, hakipikiwi wala hakizikwi. Ndiyo, nimesema hakizikwi, na wewe usinitolee macho, maana sheria hiyo sikuitunga mimi.

Mambo yalianza kwa nia njema kabisa. Ofisi za serikali zilijaa mafaili mpaka darini, na hakuna aliyejua kitu gani kiko wapi. Ukitafuta habari za barabara, nyingine zimehifadhiwa kwa neno "Barabara," nyingine kwa "Njia," nyingine kwa "Mashimo." Wataalamu wakashauri kuwe na orodha: kila kitu neno lake moja tu, na ofisi zote zitumie hilo hilo. Ushauri mzuri, nani angeukataa? Likapita "Barabara." Wale waliozoea kusema "Mashimo" wakawekewa kadi ya kuwaelekeza: *Mashimo, tazama Barabara.* Watu wakaenda kutazama barabara, wakaona wanachokiona, wakarudi makwao kimya.

Baadaye orodha peke yake ikaonekana haina adabu, maneno yamekaa tu hovyo bila mkubwa wala mdogo. Ndipo ukaletwa mti. Kila neno likapewa neno mama juu yake, na mama naye akapewa mama yake, mpaka kileleni, ambako ameketi bibi wa wote, jina lake "Maendeleo." Kipindupindu mama yake ni Afya, na Afya mama yake ni Maendeleo. Ajali za Mabasi mama yake ni Usafiri, na Usafiri mama yake ni hilo hilo. Kwa hiyo mwaka ule wa kipindupindu, mwaka ambao mabasi nayo yalikuwa yakipinduka kama yamelipwa, maendeleo ya nchi, yakihesabiwa kwa wingi wa kadi, yalipanda kuliko wakati wowote, na Mlezi Mkuu wa Taifa akavishwa nishani.

Mwisho yakaja maneno jirani. Kila kadi ikaandikwa chini kabisa maneno yanayokaribiana na neno lake, ili mtafutaji akikosa hapa akabishe hodi pale. Hili nalo lilikuwa jema. Lakini ndilo lililotia shari ndani ya nchi, kwa sababu ukishajua kwamba neno lako limepangwa jirani na neno fulani, unaanza kujiuliza ni nani aliyekuweka hapo, na anajua nini. Watu wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Hawajaacha mpaka leo.

* * *

Sasa katika Idara hiyo alikuwepo mwandika kadi mmoja, Siwema, mama wa makamo mwenye mwandiko mzuri. Alikuwa na akili, na kwa kuwa alikuwa na akili alijifanya hana. Aliingia kazini asubuhi, akasalimia kila mtu kwa sauti ile ile, akaandika kadi, akatoka. Hakuuliza kwa nini neno hili limetoka na lile limeingia. Waliouliza hawakufukuzwa kazi, la hasha, Idara haikuwa na roho mbaya. Walipangiwa neno tu.

Mkuu wake aliitwa Bwana Mng'anya. Huyu alivaa viatu vya soli ya mpira ili asisikike akija, na alikuwa na wake wawili katika nyumba mbili alizozijenga mwenyewe, dirisha la kila moja likitazama mlango wa mwenzake. Alilishuku hata fagio lililohamishwa kona. Ukimwambia "habari za asubuhi" alikuuliza umesikia nini.

Mume wa Siwema alikuwa Ngwali Mshindo, fundi bomba. Ngwali alikuwa mtu wa maneno machache, ila hayo machache hayakuwa na breki. Siku Mlezi Mkuu alipokuja kuzindua Mradi Mkubwa wa Maji, na mabendera yamepandishwa na watoto wa shule wamesimamishwa juani tangu alfajiri, Ngwali ndiye aliyepewa heshima ya kufungua bomba mbele ya redio ya taifa. Akalifungua. Bomba likapiga mluzi mrefu. Mtangazaji, uso wote meno, akamsogezea kipaza sauti.

"Fundi, hebu waambie wananchi kwa kinywa chako. Maji yamefika?"

"Huu ni upepo, ndugu mtangazaji," akasema Ngwali. "Maji bado."

Basi, aliishia hapo. Hakutukana, hakunyoosha kidole. Wali wake wa mchana ulipoa, ukachacha, Siwema akaja kuwamwagia kuku.

Kesho yake Siwema alikuta mezani kwake agizo la neno jipya: "Wapima Mafanikio wa Kujitegemea." Neno mama: "Wakaguzi wa Mradi Mkubwa wa Maji." Wahusika waliomo: mmoja. Jina la mhusika: Ngwali Mshindo. Mahali alipo: Makazi Tulivu, lile boma la mawe nyuma ya soko, ambalo zamani lilikuwa na jina lingine ambalo sote tulilijua.

Alihisi mtu anapumua nyuma ya shingo yake. Alikuwa Bwana Mng'anya.

"Unamfahamu huyu?"

"Ni mume wangu, bosi."

"Aa." Bwana Mng'anya akainama, akatazama ncha ya kalamu kwa makini. "Jina lake limeandikwa sawasawa?"

"Sawasawa."

"Haya, endelea. Hatutaki kumwandika mtu vibaya."

Siwema aliandika. Kalamu haikutetemeka, na Bwana Mng'anya akaenda zake akiwa hakuridhika, kwa maana mke asiyetetemeka naye ana lake. Siwema akaomba ruhusa ya kwenda msalani. Kule akajaza mtandio mdomoni, akalia mpaka mbavu zikamuuma, kisha akanawa uso akarudi kuandika kadi za wengine.

* * *

Kwa kweli, mwanzoni Ngwali hakuwa na hali mbaya. Makazi Tulivu yaliendeshwa kwa utaratibu, na utaratibu wake ulikuwa huu: jiko lilipika kwa maneno. Kila neno na sufuria lake. Wezi wa Kuku walikula ugali na dagaa. Wasambaza Uvumi walikula uji, ili midomo yao iwe na kazi. Wapima Mafanikio wa Kujitegemea walipangiwa maharage, na baada ya muda mfupi hawakuwa mmoja tena, maana mwalimu aliyehesabu madawati kwa sauti naye aliwekwa humo, na muuguzi aliyeuliza dawa ziko wapi, na mzee mmoja aliyecheka mahali pasipo pake.

Siwema alikwenda langoni kila Ijumaa. Hakuruhusiwa kumwona mumewe, lakini askari wa zamu, Sajini Mtoro, alikuwa mtu wa utu wake, akimwambia, "Sufuria lao linachemka, mama. Nimelisikia mwenyewe." Siwema akarudi nyumbani amepata nusu ya usingizi.

Shida ilianza Mradi Mkubwa wa Maji ulipokufa. Maji hayakuja. Yalingojwa, yakaimbiwa, hayakuja. Sasa, kwenye droo za Idara hakuna neno "Miradi Iliyokwama," na huwezi kuuacha mradi uliokwama ukakaa na miradi iliyofanikiwa, watu watauliza. Ikabidi Mradi Mkubwa wa Maji utolewe kabisa, kama haukuwahi kuwepo. Kadi yake ikachomolewa. Na kadi ikichomolewa, watoto wake wote wanatoka nayo, wakiwemo "Wakaguzi wa Mradi Mkubwa wa Maji," ambaye ndiye mama wa neno alimokuwa Ngwali.

Kwa nini "Wapima Mafanikio wa Kujitegemea" nalo halikuchomolewa siku hiyo hiyo? Kwa sababu lilikuwa na watu ndani yake, na sheria ilitaka neno lenye watu lisitolewe kimya kimya. Lilibaki linaning'inia, lisilo na mama, na sheria ya maneno yasiyo na mama ilikuwa wazi: yanafutwa mbele ya Kamati, Siku ya Usafi wa Droo. Siku hiyo ilikuwa inakaribia.

Ijumaa iliyofuata Siwema alimkuta Sajini Mtoro amekunja uso.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini mpishi ameniambia, Usafi wa Droo ukishapita, lile sufuria linarudi stoo. Halina neno, halipikiwi."

"Basi nitawaletea chakula mwenyewe, Sajini. Nitawapikia wote."

"Nitakipokea kwa neno gani? Kila kinachopita hapa kinaandikwa ni cha neno gani. Bila neno nitakula kesi mimi."

"Na watu wenyewe je?"

"Watu gani?" akauliza Sajini, na hakuwa anafanya mzaha. Alijikuna kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mama, neno likishafutwa, mimi nikichungulia mle ndani nitakuwa naona ukuta tu. Ndivyo tulivyofundishwa. Watakaa humo humo, lakini mimi nitakuwa naona ukuta."

Siwema alirudi mjini kwa miguu, na jua lote lile hakulisikia. Mumewe angekufa njaa, tena si kwa sababu kuna aliyemchukia. Angekufa kwa kukosa mama kwenye mti.

* * *

Msomaji mwenye haraka zake ataniuliza: si aende tu kwenye Kamati akaombe neno lipewe mama mwingine? Inaonekana hujawahi kukaa nchi ile.

Kamati ya Maneno ilikuwa na desturi zake. Wajumbe hawakuketi kuzunguka meza. Viti vyao vilibandikwa ukutani pande zote nne, ili asiwepo mtu mgongoni mwa mwenzake, na meza ilibaki peke yake katikati, watu wakisemezana kwa kupiga kelele. Makatibu walikuwa wawili, kila mmoja akiandika kinachosemwa na pia anachoandika mwenzake. Pembeni kulikuwa na kinasa sauti cha Usalama, kiwaandike makatibu wote. Na neno lolote lilipoletwa, hawakuuliza kama linafaa. Waliuliza, "Nani analitaka?"

Anayelitaka akijulikana, limekufa. Kuna karani mmoja aliomba neno "Madaraja Mabovu" kwa sababu daraja la kwao lilikuwa limekatika na dada yake amekwama ng'ambo na mimba kubwa. Kamati ilimsikiliza kwa heshima, ikamshukuru, ikamuuliza huyo dada amekwenda ng'ambo kufanya nini. Sasa karani na dada wote wana neno, tena si moja.

Lakini Siwema alikuwa amekaa miaka mingi kwenye kona ya chumba kile akisoma kadi kwa sauti, wao hawamwoni, yeye anawaona. Alijua kitu kimoja ambacho wao wenyewe hawakukijua. Kila neno lililopita katika Kamati ile lilipita kwa sababu kuna mtu alilipinga sana. Mtu akipinga sana, wenzake wanajiuliza anaficha nini, na hapo hapo wanalipitisha ili kumkomoa. "Viroboto wa Ikulu" ni neno halali mpaka leo, kwa kuwa daktari wa Ikulu alisimama juu ya kiti kulikataa.

Siwema aliwaza wiki nzima. Alipika hakula, alilala hakusinzia. Siku ya Usafi wa Droo alioga, akavaa gauni lake la sikukuu, akajipaka wanja. Alitaka aonekane mwanamke mwenye mipango.

* * *

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Daktari Kitandula. Alisimama, akakohoa, akafungua kikao.

"Ndugu wajumbe, walinzi wa ulimi wa taifa! Wapo maadui wanaodai kwamba tunawaficha wananchi mambo. Ni uzushi! Tumewafichia nini? Kila kitu kiko wazi ndani ya droo, kwa yeyote anayejua neno lake. Na yeyote anayejua neno lake tunamfahamu, kwa jina, na anapoishi. Je, huo si uwazi? Naomba makofi."

Makofi yakapigwa, kila mmoja akichunga asiwe wa kwanza kuacha. Yalichukua muda.

Siwema akaanza kusoma maneno yasiyo na mama. "Feni za Ofisi." Hakuna aliyelitaka, hakuna aliyelipinga, likafutwa, na joto la chumbani likabaki bila jina. "Chaki." Likafutwa. Kisha akafika kwenye "Wapima Mafanikio wa Kujitegemea."  Alipaswa kusoma na kunyamaza. Hakunyamaza.

"Hili, waheshimiwa, naomba lifutwe haraka. Kabla ya chai."

 Katika kona, Kanali mstaafu Mbelwa, mjumbe kutoka Usalama, aliyekuwa amefumba macho tangu makofi, akafumbua moja.

"Kwa nini kabla ya chai?" akauliza.

"Kwa sababu linanikera, Kanali."

"Mwandika kadi hakerwi na neno. Ndani yake kuna nani?"

"Mume wangu."

Kanali akafumbua na la pili. Makatibu wote wawili wakaacha kuandika, wakatazamana, wakaandika kwamba wametazamana.

"Bibi," akasema Mwenyekiti polepole, "unafahamu kwamba likifutwa, mumeo naye..."

"Ninafahamu! Mfuteni! Mmengoja nini siku zote hizi?" Siwema akaweka mikono kiunoni. "Mume gani yule? Analala anakoroma mpaka mbuzi wa jirani wanaitikia. Fundi bomba wa mji mzima, bomba la jikoni kwake linanitonea mguuni miaka nenda miaka rudi. Nikisema neno anajibu 'mm.' Nikiugua anajibu 'mm.' Mama yangu alipofariki, nimekaa mkekani nalia, anakuja kuniuliza spana ameiona nani! Mfuteni, jamani. Mtanisaidia."

Alikuwa amepanga kusema mawili matatu ya uongo. Lakini mdomo ulipofunguka ulitoa ya kweli, moja baada ya jingine, yale ambayo mke yeyote anayatunza moyoni na kuyasamehe jioni. Alijisikia akiyasema kwa raha, na raha hiyo ikamtisha. Hakuweza kuacha sasa. Akasema pia la spana mara ya pili.

Wanaume wote wakakumbuka nyumbani kwao. Bwana Mng'anya, naye mjumbe, alitoa leso, akajifuta uso, akajifuta shingo, akaendelea kujifuta mahali pasipo na jasho. Alikuwa anafikiria madirisha yake mawili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "tukianza mtindo huu... wake waje hapa wafutiwe waume zao kabla ya chai... mimi sisemi kitu, nauliza tu. Tutaishia wapi?"

"Tutaishia sisi," akasema mjumbe mmoja aliyeoa mwaka ule.

"Kuna njama," akasema Kanali Mbelwa. Alisema hivyo katika kila kikao, lakini safari hii aliinuka. "Hebu mtazameni. Amejipaka wanja. Amevaa la sikukuu. Mwanamke huyu anamwogopa mumewe. Kwa nini anamwogopa? Mume anajua jambo. Mke anataka lizikwe naye, na sisi tuwe ndio makoleo ya kulizikia. Anachokitaka asipewe!"

"Asipewe!" wakaitika kutoka kuta zote nne.

"Lakini Kanali," akasema Mwenyekiti, "neno halina mama. Sheria ni sheria. Ili libaki lipate mama."

Hapo wakaanza kulitafutia. Mmoja akasema liwekwe chini ya Maji. Akakumbushwa kwamba maji hayapo, na akaulizwa yeye ameyaona wapi. Mwingine akasema Mafanikio, wote wakainamisha vichwa, kwa kuwa mafanikio ni ya Mlezi Mkuu peke yake. Mng'anya akataja Ndoa, kisha akajirudi haraka.

"Mtu anayejua jambo," akasema Kanali, "hatupwi mbali. Anawekwa karibu, ambapo tunamwona akimeza mate. Na karibu zaidi ni wapi? Liwekwe chini ya Washauri wa Mlezi Mkuu."

 Siwema alikuwa akiombea sufuria la maharage tu, libaki motoni. Akajitupa chini, akajigaragaza na gauni lake la sikukuu. "Hapana! Hapo hapana! Popote lakini si hapo! Jamani, mnaniua!"

Basi hilo ndilo lililomaliza ubishi. Mwenyekiti alikimbilia meza akaigonga kabla Siwema hajanyamaza, na neno likapata mama, kwa kauli moja. Kwenye kadi ya Ngwali wakaongeza kwa chini mstari wa jirani: *tazama pia Siwema, mke, hasidi.* Yeye mwenyewe ndiye aliyekabidhiwa kalamu auandike, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Akauandika, machozi yakidondoka kwenye kadi. Wajumbe walimtazama wakafurahi sana, kwa maana walidhani amelia kwa kushindwa.

* * *

Ngwali alitolewa Makazi Tulivu asubuhi yake, na waliokuwa naye pia: mwalimu wa madawati, muuguzi na mzee wa kicheko. Wote walikuwa sasa Washauri wa Mlezi Mkuu. Walikogeshwa. Walishonewa suti. Sufuria lao likahamia jiko la Ikulu, na jiko la Ikulu halijui maharage. Siku ya kwanza walipewa pilau wakaangalia tu, wakidhani ni mtihani.

Kazi ya mshauri ilikuwa kuketi kwenye benchi refu nyuma ya Mlezi Mkuu na kutikisa kichwa. Ngwali aliiweza, kwa kuwa haikuhitaji maneno. Siku ya tatu alitangaziwa kwamba anaweza kwenda nyumbani kulala, na gari likaja. Lakini kabla ya gari aliitwa ofisini kwa Kanali Mbelwa.

"Kaa, Mshauri," akasema Kanali, akamvutia kiti mwenyewe. "Hii si kazi ninayoipenda. Lakini ni utaratibu. Kila mshauri mpya lazima aelezwe adui zake, asije akadhurika. Wewe una bahati. Una mmoja tu."

Akawasha kinasa sauti.

Ngwali aliijua sauti ile kabla haijamaliza neno la kwanza. Alikuwa ameingojea kifungoni kila Ijumaa, siku aliyoambiwa na Sajini kwamba mkewe huja langoni, akiinyooshea shingo, akitumaini itapenya ukuta. Aliisikiliza ikisema mfuteni. Aliisikiliza ikisema habari za mbuzi wa jirani, za bomba la jikoni, za "mm." Aliposikia la spana, la mara ya kwanza na la mara ya pili, aliweka mkono juu ya macho. Lile lilikuwa kweli, na kabla ya kikao kile lilijulikana na wao wawili tu.

Kanali Mbelwa alizima mashine, akampa leso yake mwenyewe. Wallahi, alimwonea huruma. Hata watu wa Usalama wana moyo, tena pengine mkubwa kuliko wetu, kwa jinsi unavyobeba mambo mengi.

"Ni mke wako, sikukatazi kurudi," akasema. "Ila uwe macho."

* * *

Siwema alikuwa amepika tangu mchana. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, kachumbari yenye pilipili mbili zilizokatwa, namna anavyoipenda Ngwali. Gari liliposimama mlangoni hakungoja hodi. Alitoka mbio na upawa mkononi, akamrukia shingoni mbele ya dereva na majirani wote, akalia, akacheka, akampapasa mashavu aone kama ni yeye.

"Umekonda, baba! La, hujakonda, umenenepa! Hebu ingia, ingia ndani."

Ngwali aliingia. Alisimama katikati ya chumba na suti yake, kama mgeni anayengoja kuonyeshwa pa kukaa. Siwema akafunga mlango, akafunga na dirisha, akamkalisha mkekani, na kwa sauti ya chini akamsimulia yote. Habari za sufuria. Habari za Sajini na ukuta. Desturi ya Kamati, na jinsi alivyoiona kwa miaka yote ile bila kumwambia mtu. Wanja, gauni, kugaragara. Alimwigiza Kanali akifumbua jicho moja. Alimwigiza Mng'anya na leso. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Ingekuwa nimekuombea, mume wangu, saa hizi ungekuwa umekufa. Unaelewa? Ilibidi nikukatae."

"Nimeelewa," akasema Ngwali. "Ilikuwa akili."

"Unaniamini?"

"Nakuamini, mke wangu."

Akatazama mikono yake.

"Ulisema vizuri sana," akasema. "Hata lile la spana."

 Siwema akanyanyuka kwenda kupakua. Akaleta maji ya kunawa, akaleta sinia, akaliweka baina yao, mvuke unapanda. Wakanawa. Ngwali akamega tonge, akaliinua, akaliangalia. Kisha akalirudisha mahali pake polepole, na kwa vidole viwili akalisukuma sinia upande wa mkewe.

"Anza wewe," akasema.

Siwema akacheka, akidhani ni mahaba. Halafu akayaona macho yake. Akavuta pumzi, akapeleka mkono kwenye wali, akala. Akala na samaki, na mchicha, na pilipili, akipita kila upande wa sinia bila kuacha, na Ngwali akamtazama anavyotafuna, mpaka alipomeza.